Saa Yake Ilikuwa na Picha ya Ndege

Nilimwona kwanza kwa mgongo. Ilikuwa Sabato, saa saba mchana, mwezi wa Machi 2024, na boma lilikuwa kimya jinsi maboma mengi ya Ogembo yanavyokuwa Jumamosi watu wakiwa kanisani. Hema la mazishi lilikuwa halijashushwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kumikumi chini ya migomba, na kaburi la bibi, lililofukiwa jana yake, lilikuwa na udongo mwekundu ulioanza kukauka na kupasuka juu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa ameketi chini kando ya udongo huo, begi bado liko mgongoni. Nikadhani ni mgeni aliyekosea siku. Kumbe alikuwa mjukuu.

Nilimpa pole. Kisha nikamuuliza, kama mtu anavyouliza bila kufikiri, iwapo basi lilichelewa.

"Basi halikuchelewa, kaka," akasema. "Nilikuwa nangoja hewa initoke mwilini."

Nimehudhuria mazishi mengi Gusii, nimesikia sababu nyingi za watu kukosa kumtupia mpendwa wao udongo. Ruhusa ya kazi ilikataliwa, nauli ilikosekana, gari liliharibika Narok. Hii sikuwahi kuisikia, na sikuielewa. Tulikaa pale mpaka waumini waliporudi, na siku iliyofuata nikarudi tena kwa ajili ya maneno hayo tu.

Dada huyu ni mtafiti wa matumbawe. Kazi yake ni kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kuhesabu kilicho hai na kilichokufa kwenye miamba ya pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Kisite, karibu na mpaka wa Tanzania. Aliomba nisitaje jina lake, kwa sababu maneno ya matanga hayajapoa nyumbani. Nimekubali.

Akakunja mkono wa sweta, akanionyesha saa yake. Ni kidude cheusi, kinene, kipana kuliko kifundo cha mkono wake, na wazamiaji hukiita kompyuta. Kikiwa majini kinapima kina na muda, na kutokana na hivyo viwili kinakadiria ni kiasi gani cha naitrojeni kimeingia katika mwili wa aliyekivaa. Akitoka majini kinaanza kuhesabu kurudi nyuma, na pembeni mwa kioo hutokea picha ndogo ya ndege. Picha ikiwapo, usipande ndege. Ikipotea, umeruhusiwa.

Siku ile ilikuwa imeshapotea. Lakini Ijumaa, saa nane mchana, akiwa ameketi kwenye baraza ya nyumba ya kupanga kule Shimoni, aliipiga picha kwa simu. Akanionyesha. Ndege mdogo mweusi, na chini yake tarakimu zinazosema imebaki saa moja.

Saa nane mchana ya Ijumaa ile ndipo jeneza lilipokuwa likishushwa. Najua kwa sababu nilikuwapo, nimeshika kofia mkononi, na nilisikia shangazi mmoja akiuliza kwa sauti kwa nini mtoto aliyelelewa na marehemu hayupo.

Kilichomuuma dada huyu si saa yenyewe. Ni kwamba kioo kile kina picha ya ndege, hakina picha ya basi. Mama yake aliiangalia picha hiyo kwenye simu akarudisha simu bila neno. Baadaye akauliza jambo ambalo kila mtu pale bomani angeuliza: nani alikuambia upande ndege? Si ungepanda basi kama watu wengine?

Nilimwomba anieleze mimi kwanza, pengine ningesaidia kumweleza mama. Akaanza na soda. Chupa ya soda iliyofungwa ina hewa ndani ya kinywaji lakini huioni, kwa sababu imesukumwa humo kwa nguvu na kizibo kimeizuia. Ukifungua kwa ghafla, nguvu ile inaondoka na hewa inatoka ikiwa povu. Mwili wa mzamiaji ni hiyo chupa. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kati ya tano zake ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii kwa lolote, inaingia, inatoka. Lakini kila mita 10 unazoshuka baharini, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa anga lote lililo juu ya vichwa vyetu pale ufukweni. Ukiwa mita 12 chini, mwili unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa hewa ya kawaida, na naitrojeni inasukumwa ndani ya damu, ndani ya mafuta, ndani ya maungio. Ukipanda polepole inatoka kwa njia iliyoingilia, kupitia mapafu, pumzi kwa pumzi. Ukiharakisha inafanya povu. Povu kwenye goti ni maumivu ya kukunja mtu mara mbili. Povu kwenye uti wa mgongo ni kiti cha magurudumu.

Hadi hapo nilimfuata. Lakini yeye alitoka majini Alhamisi saa tisa alasiri. Alipanda polepole, akasimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kama walivyofundishwa, akaingia kwenye mashua akiwa mzima kabisa. Mbona usiku asingepanda basi?

Akaniuliza kama nimewahi kununua pakiti ya krispi Mombasa nikaifungua Limuru.

Sijawahi, lakini nimeona jambo lenyewe, na wewe msomaji unayesafiri kati ya Nairobi na Kisii umeliona. Pakiti iliyokuwa imelegea inavimba na kukaza kama mpira basi linapokaribia ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu. Masikio yanaziba, mtoto analia, kifuniko cha chupa ya maji kinatoa mlio ukikifungua. Hewa imepungua uzito. Njia ile inapita zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa inakugandamiza kwa kama robo tatu tu ya nguvu iliyoko Shimoni. Ndani ya ndege ya abiria, hata ikiwa angani mita 10,000, mitambo huisukuma hewa mpaka iwe kama ya mlima wa mita 2,400 hivi. Kwa mwili wa binadamu, basi la Kisii likiwa juu ya Limuru na ndege ikiwa juu ya mawingu karibu ni kitu kimoja. Hakuna aliyechora picha ya basi kwa sababu waliochora saa ile hawakumfikiria mtu ambaye nyumbani kwao ni mlimani.

Na kwao ni mlimani kweli. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Ogembo, kwenye miteremko ya mto Gucha, si mbali na hapo. Hata bila kupita Limuru, kufika tu nyumbani ni sawa na kupunguziwa karibu moja ya tano ya hewa yote.

Kanuni inayofuatwa na wazamiaji wengi duniani ilikubaliwa na wataalamu mwaka 2002. Ukizama mara moja tu, ngoja angalau saa 12 kabla ya kupanda juu. Ukizama mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, ngoja angalau saa 18. Kanuni hiyo inaanza kufanya kazi kwenye kimo cha mita 600 na kidogo, yaani karibu na kimo cha Voi. Wao walikuwa wamezama siku tano mfululizo, mara mbili kwa siku, na timu yao ilijiwekea saa 24, kama zinavyofanya timu nyingi za utafiti. Ukihesabu kutoka Alhamisi saa tisa alasiri, unafika Ijumaa saa tisa alasiri.

Alinichorea safari ambayo hakuisafiri, kwenye mgongo wa karatasi ya ratiba ya mazishi. Alhamisi saa mbili usiku anaondoka Mombasa. Saa tisa usiku yuko Emali, amepita mita 1,000. Saa kumi na moja alfajiri Nairobi, saa 14 tangu atoke majini. Saa moja asubuhi anavuka Limuru, saa 16. Narok, Bomet, Sotik, Keroka. Saa sita mchana Kisii. Angekuwa kando ya kaburi kabla ya sala ya mwisho. Alikunja karatasi ile akaitia mfukoni.

"Ningefika," akasema. "Na pengine nisingepata chochote."

Hilo ndilo lililonisumbua zaidi, na nilirudi kwalo mara tatu. Kwa nini "pengine"? Kwa sababu ugonjwa huu hauna mstari mweupe chini kwamba ukivuka tu unaanguka. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane alichapisha jedwali la kwanza la kuwapandisha wazamiaji wa jeshi la majini kwa hatua. Alilipata kwa kuwafungia mbuzi ndani ya chumba cha chuma, akawaongezea mgandamizo, kisha akaupunguza na kuangalia ni yupi angeinua mguu kwa maumivu. Mbuzi wengine waliinua mguu, wengine wakaendelea kutafuna. Zaidi ya miaka 100 baadaye, saa ya dada huyu bado inafanya kazi kwa mantiki iliyozaliwa na mbuzi wale. Inakupa uwezekano, haikupi jibu. Wapo waliokiuka kanuni wakafika salama, na wapo walioifuata wakapata ganzi ya miguu.

Alijifunza hayo yote mbali sana. Alikulia Ogembo kwa bibi huyu aliyezikwa, ambaye aliwakataza wajukuu kukaribia Gucha wakati wa mvua, na mpaka anafikisha miaka 22 hakuwa anajua kuogelea. Shahada ya kwanza, ya samaki na mazingira ya maji, aliisomea hapa nchini. Ufadhili wa shahada ya pili ukampeleka kaskazini mwa Ujerumani. Si jambo geni. Vyuo vya Ubelgiji, Ujerumani, Uswidi na Australia vimewasomesha wanasayansi wengi wa bahari wa Afrika Mashariki, na mtu anaweza kushangaa ni wangapi wamelijua tumbawe kwa kina wakiwa nchi zenye theluji.

Nilitarajia anisimulie maji ya buluu. Akanisimulia Hemmoor. Hilo ni shimo la kuchimbia chokaa, karibu na mto Elbe, ambalo kiwanda cha saruji kiliacha, maji yakajaa, likawa ziwa la kina cha mita 60 hivi. Wazamiaji wa Ujerumani hufanyia mazoezi humo. Chini kuna giza na maji yake yana baridi ya jokofu mwaka mzima. Alivaa suti nene isiyoingiza maji na glavu zilizomfanya ashindwe kushika penseli, akateremka kando ya miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, na kitu cha kwanza alichofikiria ni Tabaka.

Msomaji wa Gusii anaijua Tabaka. Huko kuna mashimo tunamochimba mawe laini ya kuchongea vinyago na vibakuli, na ya zamani yakiachwa hujaa maji ya mvua. Mama zetu walitukataza kuyakaribia. Anasema alipokuwa kule chini Hemmoor alisikia sauti ya bibi ikimwita majina yote matatu, kama anavyoitwa mtoto aliyekosa, na alilazimika kutazama kipimo cha hewa ili atulie.

Uzamiaji wa kisayansi si ule wa watalii, na hapa ndipo alipokazia sauti. Mtalii anashuka kutazama. Mtafiti anashuka kufanya kazi, na kuzama kwenyewe lazima kuwe kumeingia mwilini kama kutembea, ili akili ibaki kwa hesabu. Cheti cha Ulaya cha mzamiaji wa kisayansi kinataka mtu awe amezama mara 70, na 20 kati ya hizo akiwa kazini. Cha juu yake kinataka mara 100. Chama cha Marekani kinachosimamia kazi hiyo kinataka saa 100 za mafunzo na kuzama mara 12 kwa uchache. Unafundishwa kufunga fundo gizani, kumpa mwenzako hewa yako, kuinua mtu aliyezimia. Unafundishwa pia kuandika. Chini ya maji kalamu ya wino haifai, penseli inafaa. Kibao chake ni plastiki nyeupe iliyokwaruzwa kwa msasa ili ishike risasi ya penseli, na penseli imefungwa kwa uzi ili isielee. Ukirudi unasoma, unanakili, kisha unakisugua kibao kwa sabuni ya unga ya kufulia na kesho unaanza upya.

Zana nyingine alizozitaja zingeweza kununuliwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Futi ndefu ya mafundi. Mabomba ya plastiki yaliyounganishwa yakawa fremu ya mraba. Vigingi. Anaitandaza futi juu ya mwamba, anarudi mwanzo, anaifuata polepole na kuandika kilichoko chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Matumbawe ya matawi, yale ya Acropora, ndiyo yanayokufa mapema joto likizidi. Yale ya Porites, ya mviringo kama mawe ya mtoni, huvumilia zaidi. Kisha anahesabu samaki, pono, tafi, changu, na chewa kama yupo.

Wiki ile ya Machi walikuwa wakihesabu weupe. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya ngozi yake. Mwani huo humpa chakula na rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la msimu wa kaskazi kwa nyuzi 1 tu, na joto likadumu kwa wiki kadhaa, mnyama anautapika mwani na kubaki mweupe, mifupa ikionekana kupitia nyama. Bado hajafa. Joto likishuka mapema anaweza kupona. Ndiyo maana siku za kuhesabu haziwezi kuahirishwa: ukienda mapema hujaona, ukichelewa umekuta mwani umeshafunika maiti. Na ndani ya wiki hizo chache kuna siku chache zaidi. Wakati wa bamvua mkondo wa Kisite unakusukuma mpaka futi inapinda. Kazi nzuri hufanyika maji mafu. Ilikuwa wiki ya maji mafu. Mazishi yalikuwa yamepangwa Jumapili. Alikuwa amekata tiketi ya Ijumaa usiku. Jumatano usiku wazee wakakaa, wakaona wageni wa mbali hawataweza kusubiri Sabato ipite, wakayarudisha nyuma hadi Ijumaa, kabla jua halijatua. Ujumbe ulimkuta Alhamisi jioni, nywele bado zina chumvi.

Pwani yetu imeshapitia haya. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na magharibi yote ya Bahari Hindi, na dunia nzima inakadiriwa kupoteza asilimia 16. Ni kutokana na msiba ule ndipo mpango wa utafiti wa matumbawe wa CORDIO ulipoanzishwa mwaka 1999. Mkenya David Obura, aliyesomea matumbawe hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha Miami, ameuongoza katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES. Yeye na wenzake ndio waliochapisha mwaka 2021 tathmini iliyosema miamba yote ya magharibi mwa Bahari Hindi iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Na Aprili 15, 2024, wiki chache baada ya mazishi ya Ogembo, shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, pamoja na wenzao wa kimataifa, walitangaza kwamba dunia imo katika upaukaji wa matumbawe wa nne wa kimataifa. Niliposikia tangazo hilo redioni nilikumbuka mkono wenye saa nyeusi. Tangazo kama lile hutengenezwa na watu wanaotandaza futi chini ya maji, mahali pamoja kisha pengine, wakiwa na penseli iliyofungwa kwa uzi.

Mjomba wake mmoja aliniuliza swali ambalo naona ni la haki. Matumbawe yanatuhusu nini sisi watu wa ndizi na chai? Gucha haiendi hata baharini. Inaungana na mto Migori, inamwagika Ziwa Victoria, na maji yake yakitaka bahari lazima yafuate Nile mpaka Misri. Kwa Ekegusii, ziwa na bahari vyote ni enyancha, akasema mzee, na enyancha yetu ni ile ya Karungu.

Dada hakubishana naye. Alinipeleka mimi mpaka kwenye daraja, akanionyesha maji. Ilikuwa imenyesha usiku na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyozidi majani. Huo ni udongo wa mashamba, akasema. Kisha akanisimulia tumbawe la Malindi. Lilikuwa Porites kubwa, lenye umri wa kama miaka 300. Porites hukua kama sentimita moja kwa mwaka na kila mwaka huacha mstari, kama mti. Wazamiaji wakalitoboa, wakatoa kipande kirefu cha mviringo, na maabara ikapima ndani ya kila mstari kiasi cha bariamu, ambayo huja na udongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa karne mbili, udongo unaoletwa na mto Sabaki kutoka bara ulikuwa mdogo na haukubadilika sana. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, mstari unapanda. Ni miaka ya walowezi, ya misitu kukatwa, ya watu kusukumwa kwenye miteremko. Athi inatoka milimani, inakuwa Galana, inakuwa Sabaki, na shamba lililolimwa vibaya huko juu limeandikwa ndani ya jiwe hai chini ya bahari, mwaka kwa mwaka, na tumbawe lile halikusahau hata mvua moja kubwa.

Gucha yetu nayo ingekuwa na mwandishi kama huyo, akasema, ungesoma nini? Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa daraja na sikuwa na jibu.

Nilitaka kujua kama hofu yake ya saa 24 si ya kitabuni tu. Akaniambia kuhusu vijana wa pwani wanaozamia jongoo bahari, wale wanaouzwa Asia kwa bei kubwa. Kuvua kwa mitungi hakuruhusiwi, lakini wapo wanaofanya hivyo usiku, bila kompyuta, bila jedwali, wakishuka kina kirefu mara nyingi kwa siku na kupanda mbio mtungi ukiisha. Amewaona waliopooza. Wanakaa barazani, miguu imekonda, na majirani wengine husema walipigwa na jini la bahari. Mmoja wao alimuuliza, siku alipomwona na kidude mkononi, kinauzwa pesa ngapi. Alipomtajia bei, kijana akacheka, akatazama pembeni. Kwa hiyo, anasema, mimi nina saa inayonikataza, na wao hawana. Mimi ni nani niidharau?

Yapo maswali ambayo sikupata wa kuyajibu. Anayetumwa kuzama kwa mkataba wa miezi mitatu, akipata ugonjwa huo, bima ya nani inamlipia chumba cha mgandamizo? Yeye mwenyewe ana bima ya wazamiaji anayoilipa kila mwaka kutoka mfukoni. Wengine aliofanya nao kazi hawana. Na kwa nini mtoto wa Ogembo alazimike kwenda kutumbukia katika shimo la chokaa la Wajerumani ili apate cheti cha kuhesabu matumbawe yaliyoko karibu na Wasini, katika nchi ambayo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu 1968? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu nimeona bei iliyolipwa, na si ya pesa pekee.

Jumapili mchana mama yake alikuja kuketi nasi. Nilijaribu ile hadithi ya soda. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua chinsaga kwenye ungo. Kisha akamuuliza binti yake, si mimi, swali moja: angekuwa ni mama yake aliyelala kwenye jeneza, badala ya bibi, angengoja?

Dada alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema ndiyo, angengoja. Mama akaendelea kuchambua mboga. Sikuweza kujua kama alikasirika au aliridhika, na sikuona haki ya kuuliza.

Jioni hiyo tulimsindikiza stendi. Maji mafu mengine yalikuwa yanakuja baada ya siku chache na vituo viwili vya Kisite vilikuwa havijahesabiwa. Mama alikuwa amemfungia ndizi na kifurushi cha unga wa wimbi. Matatu ya kwenda Kisii ilikuwa imebakiza kiti kimoja. Nilimuuliza kupitia dirishani kama huko aendako napo kuna saa za kungoja kabla ya kuingia majini.

Akasema hakuna. Anayetoka mlimani kwenda baharini anaweza kuzama siku hiyohiyo anayofika.